Usiitegee Sikio Chupa ya Kijani

Singida mjini, usiku wa kuamkia safari yako

Mwajuma binti yangu,

Hakuna mtu, kuanzia Manyoni mpaka Namanga, aliyewahi kuniuzia kitu feki. Wa Arusha wamejaribu, wa Nairobi wamejaribu, wote wameondoka wameshika mashavu. Saa, redio, betri, khanga, marashi, vyote navijua vya kweli kabla havijatoka kwenye boksi.

Najua umeanza kucheka. Cheka tu, ni uongo. Nimeuziwa betri zilizokufa kabla ya kuzaliwa. Nimeuziwa marashi ya Uarabuni ambayo shangazi yako Hadija aliyanusa mara moja akaniuliza kama nimewasha jiko la mafuta ya taa. Hayo ni madogo. Kuna kitu kimoja nilikinunua mpakani ambacho sijakusimulia mpaka leo, na kesho unapanda basi kwenda kufanya kazi kwenye duka lile lile nilikokinunulia. Ndiyo maana baba yako aliyeishia darasa la nne amekaa hapa na kalamu, anakuandikia wakati anakusikia chumba cha pili unagombana na zipu ya begi.

Mambo ya kula vizuri, kusali, kufunga mlango na komeo, na vijana wa malori, Hadija ameshakueleza, na mengine ameyaeleza kwa sauti ambayo majirani nao wamefaidika. Mimi sina la kuongeza. Nataka kusema habari ya sikio tu.

Wamekuajiri kwa sababu ya sikio. Hilo unalijua na unalionea fahari, na mimi ndiye niliyekutia fahari hiyo. Mtu wa kwetu hanunui chupa ya chai kwa macho. Anafungua kifuniko, anaweka mdomo wa chupa sikioni, anafumba jicho moja. Ikivuma kama upepo unaopanda mlima Sekenke, ni orijino, chai italala humo na kuamka na moto wake. Ikinyamaza, hilo ni kopo lenye maua. Nenda Iguguno siku ya mnada uone watu wazima wamesimama kwenye vumbi, kila mmoja na chupa sikioni, wote kimya. Mgeni akipita atadhani tunapokea habari kutoka kuzimu.

Nilikufundisha hapo kibarazani ukiwa bado huna meno ya mbele. Nilikuwa nakupa chupa mbili, nakuuliza ipi ya kweli. Ulipatia kila mara, nami nikawaita watu waje waone. Sasa kijana mwenye duka la Namanga amesikia kutoka kwa Hadija, anayepeleka khanga huko, kwamba Singida kuna binti asiyekosea, naye amechoka kurudishiwa mali. Kazi yako itakuwa kupokea mzigo na kusikiliza. Ningeweza kukukataza. Nilikataza, kwa kweli. Nilisema Namanga kuna baridi, ukaniambia utavaa sweta.

Basi nisome vizuri, na usiruke kurasa kama ulivyozoea.

Biashara ilipofunguliwa, sisi tuliokuwa tumezoea sabuni ya mgao na foleni ya sukari tulichanganyikiwa. Ghafla kila kitu kipo. Mtu mwenye nauli ya kufika mpakani akawa tajiri mtarajiwa. Mimi nikawa naenda Namanga na kurudi na chupa za chai, kwa sababu chupa ilikuwa zawadi ya harusi, na huku kwetu watu hawajawahi kuacha kuoana. Na chupa zenyewe ziwe za maduka ya bila ushuru. Watu wetu waliamini kwamba kitu kisicholipiwa ushuru lazima kiwe orijino, maana kilipangiwa watalii, na mtalii hauziwi takataka. Usiniulize nani aliwaambia. Labda ni mimi.

Mwenye duka wakati huo alikuwa baba yake huyu kijana, mzee mmoja mfupi aliyeitwa Subira, mcheshi, anayekushika mkono mpaka ununue.

"Hizi ni za bila ushuru," akaniambia siku ile. "Zilikuwa zinakwenda kwa watalii. Zimeangukia hapa kwa bahati."

"Kila kitu hapa kimeangukia kwa bahati," nikamwambia. "Hata wewe."

"Basi sikiliza mwenyewe, Msingida. Mungu amekupa masikio ya kutosha watu wawili."

Nikaanza kusikiliza, moja baada ya nyingine. Zote zilivuma. Juu ya boksi, juu kabisa, nje ya zile nafasi zake za kadibodi, ilikuwa imelala chupa ya kijani yenye picha ya korongo wawili wameangaliana. Boksi lilikuwa limejaa bila hiyo. Nikaichukua, nikaifungua.

Kwanza haikuvuma. Nilikuwa karibu kuishusha. Halafu nikasikia ufagio. Ufagio wa chelewa, ardhini, polepole. Nikasikia kuku. Nikasikia maji yanamiminwa kwenye karai, na mtoto akacheka kile kicheko cha kushtuka, cha mtoto aliyeguswa na maji ya baridi.

Ilikuwa mchana, binti yangu, jua la utosi. Nje malori yalikuwa yanapiga honi kwenye geti, makuli wanatukanana. Na ndani ya chupa mlikuwa na uani, pametulia.

Mtu mwenye akili zake angeirudisha mahali ilipokuwa. Mimi nilikuwa mtaalamu. Nikajiambia: hii ndiyo orijino ya maorijino, utupu wake ni mkubwa mpaka unanasa sauti za mbali kama redio. Niliona hata haya kuiuza. Nikasema hii nampelekea mke wangu.

"Hiyo hata mimi sikuiona ikiingia," Subira akasema. "Chukua. Haiko kwenye hesabu."

Unajua kwamba kabla yako alikuwepo Idi. Kaburi lake unalijua, umelipalilia. Lakini hatukuwahi kukusimulia vitu vyake, kwa sababu mama yako hakupenda. Alikuwa mtoto mnene, mpenda maji. Mama yako alikuwa anafagia uani kwanza, kisha anamwogesha mchana kwenye karai, na lile jagi la kwanza lilikuwa linamchekesha kila siku kana kwamba hajawahi kumwagiwa. Homa ilimchukua kabla hajajifunza kutembea.

Umeelewa? Nilisimama Namanga nikamsikia mwanangu, nikadhani ni ubora wa bidhaa.

Mama yako aliipenda ile chupa tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya chai. Wewe ulikuwa umeanza kutambaa. Ukatokea msiba kwetu Kinampanda, tukaondoka wote haraka, chai ikabaki mezani ndani ya chupa. Tulikaa huko mpaka matanga yakaondolewa. Tuliporudi mama yako akaifungua ili aioshe, mvuke ukampiga usoni. Nikamwambia ni mchezo wa macho. Nikanywa, nikaungua ulimi. Majirani walikuja kuonja ile chai, nami nilisimama pale kama niliyeitengeneza, nikapandisha bei ya chupa zote nilizokuwa nazo. Hakuna aliyeuliza kwa nini chai ile haikuwa imebadilika hata ladha. Maziwa yalikuwa yale yale, matamu.

Halafu nikarudi mchana mmoja kutoka sokoni, nikamkuta amekaa kwenye kigoda, chupa tupu sikioni.

"Unasikiliza nini, mama Idi?"

"Nyamaza. Anaogeshwa."

"Nani anaogeshwa?"

"Unamjua."

Nilicheka, maana mimi kila kitu nacheka kwanza. Nikasema, "Na nani anamwogesha huko?"

Hapo akanigeukia, akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa ambaye hajaambiwa. "Mimi," akasema.

Tangu siku hiyo hakutia tena chai humo. Alisema itamuunguza. Akaacha kuifunga kifuniko, akasema atakosa hewa. Usinione mjinga kwa kutofanya lolote. Niliona mama yako ana furaha. Alikuwa hajacheka tangu tulipomzika Idi, na sasa alikuwa anaimba huku anapepeta mchele. Wewe ulikuwa na afya, ulikuwa unakula udongo vizuri. Nikasema huzuni ina mlango wake wa kutokea, labda ndio huu. Na mimi mwenyewe, nikibaki peke yangu nyumbani, nilikuwa naifuata pale kabatini. Nilikuwa natega sikio kidogo, kama mwizi. Ufagio, kuku, maji. Kila mara mchana ule ule. Hakuwahi kukua. Hakuwahi kutolewa kwenye karai akakaushwa.

Siku moja nilimkuta mama yako anatwanga, ana mzigo mgongoni amefunga kwa khanga, anautikisatikisa kama tunavyotikisa. Wewe ulikuwa chini, karibu na miguu yake, unamnyooshea mikono. Nikamwambia, "Mbebe mtoto." Akasema, "Nimembeba." Wala hakuwa na utani.

Sasa angalia mkono wako wa kushoto, lile kovu. Tulikuambia ni uji. Haukuwa uji.

Nilikuwa sokoni. Sauti yako ilifika sokoni. Niliacha mali wazi, nikakimbia, na njiani naona watu wametoka milangoni wanaangalia upande wa nyumba yetu. Nikaingia uani nikakukuta umeshika jiko la mkaa, hujui kuachia, unalia mpaka sauti imekatika. Mama yako alikuwa amekaa hatua moja kutoka ulipo. Chupa ilikuwa sikioni. Alikuwa anaibembeleza. "Nyamaza baba, nyamaza, maji yameisha, tunatoka sasa."

Nikakunyakua. Ndipo akashusha chupa, akaangalia mkono wako, akaniangalia mimi.

"Kumbe ni huyu," akasema. "Nilisikia mtoto analia. Nilidhani ni yeye."

Sikumpiga, kama unataka kujua. Watu wa mtaani walisubiri nimpige. Nilikufunga mkono, nikakupeleka hospitali, nikarudi, nikachukua ile chupa, nikaenda nayo ziwani, kwenye yale majabali makubwa. Nikaiinua niivunje. Na ndani, ambamo kila siku mlikuwa na ufagio na kuku na maji, mkawa kimya. Ulikuwa ukimya wa mtoto aliyejificha nyuma ya mlango, amesikia hatua za baba yake, amejiziba mdomo.

Ungeivunja wewe?

Nikaifunga kwenye kitambaa, nikapanda gari la Arusha. Nilikuwa nimeipakata. Dada mmoja aliyekaa karibu yangu akasinzia, kichwa kikaniangukia upande wa ile chupa. Kule Babati akaamka, akaniuliza kwa heshima, "Shikamoo baba. Samahani, mtoto wako anaitwa nani?" Nikamwambia sina mtoto humu. Akahamia kiti cha nyuma.

Subira alinipokea kwa mizaha yake. "Imeharibika?"

"Haina ubaya," nikasema. "Mke wangu hapendi rangi."

"Wake wa Singida wana macho ya kifalme." Akaifungua, akaweka sikioni, bado anacheka. Nilimwangalia. Kicheko kilibaki mdomoni lakini kikawa hakina mwenyewe. Mkono wake mwingine ukawa unapapasa nyuma, unatafuta kiti. Akakaa.

"Nani?" nikamwuliza.

"Nani nini? Inavuma vizuri." Hakuirudisha rafuni. Aliiweka chini ya kaunta, akavua koti lake akaifunika. Halafu akanipa chupa mbili mpya badala ya ile moja, bila kubishana. Mfanyabiashara wa Namanga, bila kubishana. Ndipo nikajua kwa yakini.

Na mimi nikapokea. Ningeweza kumwambia maneno machache tu. Nilikwishaona mkono wako umebabuka mpaka nyama, nilijua kile kitu kinafanya nini ndani ya nyumba, na bado nilisema haina ubaya, nikatoka. Nilijipa sababu nyingi njiani. Nzuri zote.

Nilisikia baadaye kwamba mzee amenyamaza, duka linaendeshwa na kijana, yeye anakula hapo hapo kwenye kiti cha kaunta na hataki kusogezwa. Sasa amekufa. Alimsikia nani, sijui. Chupa imekwenda wapi, hakuna aliyeniambia, na mimi sikuthubutu kuuliza. Lakini chupa kama ile haitupwi, na anayeisikiliza haiuzi. Kwa hiyo nadhani ipo. Ipo humo dukani, nyuma ya kitu.

Mama yako aliniuliza siku niliyorudi, "Umempeleka wapi?"

"Nimeirudisha dukani."

"Hukuniacha nimuage."

Akakuinua, na mkono wako wa bandeji, akakufunga mgongoni. Hakukushusha kwa muda mrefu, hata akienda chooni alikwenda na wewe. Ndiyo maana wewe ulichelewa kutembea, Hadija akaanza kusema una miguu ya kuku. Na ndiyo maana nyumba hii ya mwuza chupa haijawahi tena kuwa na chupa ya chai mezani. Wageni waliona ni ubahili wangu. Niliwaacha waone hivyo.

Sasa mama yako naye hayupo, na udongo wake bado haujashikana. Na mimi nina macho, ingawa unadhani yameisha. Nimekuona umesimama nyuma ya mlango na kitenge chake usoni, unavuta harufu. Nimekuona unaitika jikoni, "Abee," wakati hakuna aliyekuita. Kwa hiyo najua utakachosikia ukiipata ile chupa. Hutasikia karai. Utamsikia yeye anakuita ule kabla chakula hakijapoa, na anakusema kwamba umekonda. Na wewe una sikio zuri kuliko langu. Hutaishusha. Utakaa kwenye kiti kile, malori yatapita, mtu aliye hai atakuwa hatua moja kutoka kwako amenyoosha mikono, nawe utamwambia anyamaze.

Basi usisikilize chupa yoyote huko. Nakufutia darasa lote la kibarazani. Chupa ya kweli ina njia nyingine za kuijua, na nyingi ni bora, ila hazina mbwembwe. Tia maji yaliyochemka, funga, nenda kahudumie wateja, ukirudi shika tumbo lake: likiwa na joto kwa nje, hiyo ni feki, joto linatoroka. Chungulia ndani kwenye mwanga, kioo kiwe kimoja bila mawimbi. Nusa mpira wa kizibo, wa feki unanuka. Ule mhuri wa bila ushuru lowanisha kidole gumba uusugue, wa kweli hauachi wino. Na muulize aliyeleta mzigo swali lolote lisilohusu bei, habari za nyumbani kwao, mvua, chochote. Mwenye mali ya kweli atakujibu. Mwenye feki atarudi kwenye bei.

Kingine sikukijua wakati ule. Mimi siku zote niliogopa kitu kitakachonipa pungufu: betri isiyowaka, saa isiyokwenda. Sikufikiria kuogopa kitu kinachozidisha. Kazi ya chupa ni chai. Ikikupa kingine, iweke mezani.

Kijana akiuliza kwa nini husikilizi na ndiyo kazi aliyokuajiri, mwambie baba yako amekuwa kiziwi na ni ugonjwa wa ukoo. Akishaona mali hairudi, hatauliza tena. Na ukiiona ile ya kijani yenye korongo wawili, usijaribu kuivunja, hutaweza, mimi nilikuwa na hasira na bado sikuweza. Mwambie kijana habari hii yote, neno kwa neno, maana baba yake nilimnyima. Kisha toka nje, kasimame pale malori yanapopanga foleni, zungumza na kuli yeyote, mtukane akikutukana, mpaka masikio yako yajae watu. Hadija asijue nimekuruhusu kutukana.

Nimechoka, na mkono umeanza kuandika kilima na bonde. Limebaki moja dogo. Wiki hii nilimwambia shangazi yako uongo kwamba ulishinda dukani kwangu, na wewe na mimi tunajua ulishinda wapi na ni nani aliyekusindikiza. Ukaniahidi malipo: kunitia mafuta ya alizeti sikioni, maana limeziba. Mpaka sasa sijaona mafuta. Basi asubuhi kabla ya basi, pasha kidogo kwenye kijiko, yawe vuguvugu tu, uje unidondoshee. Sikio la kushoto. La kulia ndilo nililokuwa naitegea ile chupa. Hilo usilitie kitu.

Mimi baba yako